Tume ya Uchaguzi na Wizi wa Kura: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, simu yangu haipumziki. Hufunza mawakala wa vyama na waangalizi wa mashinani, na maswali huwa yale yale, awe anayeuliza ni mwalimu wa Kisii au mvuvi wa Lamu. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu. Mifano mingi ni ya Kenya kwa sababu ndiko nilikokesha usiku mwingi vituoni, lakini majirani nao wamo.

Tume ya uchaguzi hufanya kazi gani hasa, mbali na kuhesabu kura?

Husajili wapiga kura, hupokea makaratasi ya wagombea na kuyakubali au kuyakataa, huchapisha karatasi za kura, huajiri makarani, hujumlisha na kutangaza. Kenya imeongezewa na kazi ya kuchora mipaka ya maeneo bunge. Kila kazi hapo ni mlango. Mwizi hahitaji milango yote. Mmoja uliosahaulika kufungwa unamtosha.

Kasoro na wizi vinatofautianaje?

Kwa nia, na nia haionekani kwa macho. Karani aliyesinzia saa nane za usiku akaandika 216 mahali pa 261 amekosea. Kosa lilo hilo likitokea vituo arobaini, na kila mara likamnufaisha mgombea mmoja, huo si usingizi tena. Makosa ya uchovu huangukia kila upande, kwa hiyo mtu makini hutazama mwelekeo wa makosa kuliko idadi yake.

Mahakama nazo zina mizani yake. Uganda, katika kesi za 2001 na 2006, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba sheria ilivunjwa, lakini majaji walio wengi wakakataa kubatilisha kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba matokeo yaliathirika kwa kiasi kikubwa. Kwangu mimi mizani hiyo inambebesha mlalamikaji mzigo wa ajabu: apime ukubwa wa wizi kwa nyaraka zilizofungiwa kabatini mwa anayemlalamikia.

Tume ikiitwa "huru", basi ni huru?

La. Kenya ina Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Tanzania nayo, kwa sheria ya mwaka 2024, iliibadili jina Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikawa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Jina halimlindi mtu. Uliza nani huteua makamishna, nani anaweza kuwafukuza, na fedha zinatoka mfuko gani na lini. Halafu uliza lile ambalo wengi husahau: wafanyakazi wa chini ni wa nani?

Hilo la mwisho limezua kesi kubwa Tanzania. Wasimamizi wa uchaguzi majimboni walikuwa wakurugenzi wa halmashauri, watu wanaoteuliwa na Rais, na Rais mara nyingi ndiye mwenyekiti wa chama tawala na mgombea. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unakiuka Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Unaweza kuwa na majaji wastaafu watupu huko juu kwenye tume, lakini anayeshika kalamu jimboni akiwa anamtegemea mgombea kwa mkate wake, yule jaji mstaafu atatangaza tu kile alichopelekewa.

Si afadhali vyama vigawane viti vya makamishna?

Kenya ilijaribu. Mwaka 1997 wabunge wa serikali na wa upinzani walikaa chini katika mazungumzo yaliyojulikana kama IPPG, wakakubaliana upinzani upendekeze makamishna kumi. Tume hiyo ndiyo iliyosimamia uchaguzi wa 2002, chama tawala, KANU, kikashindwa, na watu wakaenda nyumbani salama.

Lakini makubaliano yale yalikuwa ya kuaminiana, hayakuandikwa kuwa sheria. Kuelekea 2007 Rais Mwai Kibaki, ambaye mwenyewe aliingia madarakani kupitia tume ile, aliteua makamishna wapya bila kuushirikisha upinzani. Kufikia siku ya kura, upande mmoja ulikuwa umeshaamua kwamba refa amenunuliwa. Refa wa namna hiyo hata akipuliza filimbi ya haki, nani atamsikiliza?

Kugawana viti kuna ubaya wake pia. Kila kamishna huja na bwana wake, na siku ya kutangaza matokeo tume hugawanyika kama bunge. Nitalirudia hilo nikifika 2022.

Ni nini hasa kilichoharibika mwaka 2007?

Karibu kila kitu kilichokuwa katikati ya kituo na ukumbi wa kutangazia. Kura zilipigwa tarehe 27 Disemba. Matokeo ya maeneo bunge yakaanza kuchelewa, na mwenyekiti Samuel Kivuitu akakiri hadharani kwamba baadhi ya wasimamizi wake hawapatikani kwa simu. Jioni ya tarehe 30 alitangaza Kibaki kapata kura 4,584,721 na Raila Odinga 4,352,993. Kibaki akaapishwa Ikulu giza likiingia. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe alisema hajui kama Kibaki alishinda. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji kutoka Afrika Kusini, ilitoa ripoti Septemba 2008. Watu walitarajia iseme nani alishinda. Ikasema haiwezekani kujua, kwa kuwa kumbukumbu zilikuwa zimevurugika kuanzia vituoni hadi makao makuu. Ilikuta pia daftari la wapiga kura lina majina ya watu kama milioni 1.2 waliokwisha kufa. Hebu fikiria: hata aliyeibiwa hakuweza kuthibitisha, hata aliyeshinda kihalali, kama yupo, hakuweza kuthibitisha. Tume ile ya uchaguzi ilivunjwa mwisho wa mwaka huo.

Fomu 34A ni nini, na mbona mnaisema sana?

Ni karatasi ya matokeo ya urais ya kituo kimoja cha kupigia kura. Ukiielewa, umeelewa zaidi ya nusu ya ukurasa huu.

Chukua darasa la shule ya msingi. Saa kumi na moja jioni mlango unafungwa. Madawati yamesukumwa ukutani, ubaoni bado kuna hesabu za darasa la nne. Msimamizi wa kituo anakata lakiri ya sanduku lenye kifuniko cheupe, la urais, anamwaga karatasi juu ya meza. Anainua moja moja, anaisoma kwa sauti, anaizungusha ili mawakala waione, kisha inawekwa kwenye fungu lake. Taa ikififia mtu anamulika kwa simu. Ukiwa wakala unaandika vijiti vyako vitanovitano kwenye daftari la shule, na saa sita usiku macho yanakuwasha kama umekata vitunguu.

Mafungu yakihesabiwa, namba zinajazwa kwenye fomu: waliosajiliwa, kura za kila mgombea, zilizokataliwa, zenye utata. Mawakala wanatia sahihi. Wakala akikataa, anaandika sababu, na kukataa kwake peke yake hakuiharibu fomu. Mawakala hupewa nakala zao, nyingine hubandikwa mlangoni, na picha yake hutumwa kwa mtandao. Kwenye eneo bunge fomu hizo hujumlishwa katika 34B, na taifa zima katika 34C.

Ubora wake uko kwenye wingi wa nakala. Mwaka 2007 namba iliweza kubadilika njiani kwa kuwa waliokuwa na nakala ya kuaminika walikuwa wachache. Sasa anayetaka kubadilisha namba ya kituo kimoja inambidi abadilishe ya mlangoni, ya mawakala wote na ile iliyokwisha kutumwa. Tena mwezi Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho; makao makuu hayana ruhusa ya kuyarekebisha. Ghana wana dada yake fomu hii, karatasi ya rangi ya waridi ambayo mawakala hupewa kituoni. Kesi yao kubwa ya 2013 kuhusu uchaguzi wa 2012 ilikuwa ya kuzifukua karatasi hizo moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo mashine na kompyuta haziwezi kuondoa wizi?

Zinausogeza tu. Mwaka 2013 Kenya ilinunua vitambulishi vya alama za vidole. Betri zikaisha mchana, makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mfumo wa kutuma matokeo nao ukazimika. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, yaani alivuka nusu kwa kura elfu nane na kitu, na pengo dogo hivyo lilitaka kumbukumbu safi kuliko zile zilizokuwapo.

Kifaa cha alama za vidole humzuia marehemu kupiga kura, na hiyo si kazi ndogo. Hakimzuii karani aliye ndani. Na wizi ukihamia kwenye kompyuta, wanaoweza kuuona hupungua kutoka mamilioni hadi mafundi wachache. Mmoja wa mafundi hao, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa IEBC, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017. Mpaka leo ukitaja sava, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhi matokeo, mbele ya Mkenya, jina hilo hulitaja yeye kabla yako.

Mahakama ilibatilisha uchaguzi wa 2017 kwa sababu kura ziliibwa?

Haikusema hivyo, na watu wengi hulichanganya hili. Tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne kwa wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walisema uchaguzi haukufanywa kulingana na Katiba na sheria. Tume ilikuwa imetangaza mshindi kabla ya kupokea fomu zote za vituo. Baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama. Zaidi ya yote, Mahakama iliamuru sava zifunguliwe zikaguliwe, na tume haikutii ipasavyo. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama barani Afrika kubatilisha ushindi wa rais aliye madarakani.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hukumu yenyewe: marudio ya tarehe 26 Oktoba yalisimamiwa na tume ile ile. Kamishna Roselyn Akombe alijiuzulu akiwa New York siku chache kabla, Raila akajitoa, na waliojitokeza walikuwa chini ya asilimia 40. Linganisha na Malawi. Februari 2020 mahakama ya huko ilibatilisha uchaguzi wa 2019 uliojaa fomu zilizopakwa dawa nyeupe ya kufutia wino. Mwenyekiti Jane Ansah akaondoka, wakaingia wengine, marudio yakafanyika tarehe 23 Juni 2020 na Lazarus Chakwera wa upinzani akashinda. Kenya ilirudisha mtihani kwa msimamizi aliyetiliwa shaka. Malawi ilimbadilisha kwanza.

Na 2022? Makamishna wanne waliyakana matokeo.

Ndiyo, na hapa pana somo. Safari hii tume ilibandika picha za fomu 34A kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu. Vituo vilikuwa 46,229. Vijana walishinda nyumbani wakipakua fomu na kujumlisha wenyewe. Tarehe 15 Agosti, mwenyekiti wa IEBC, Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Huko Bomas, ukumbi wa kutangazia matokeo, viti vikarushwa. Hotelini jijini makamishna wanne kati ya saba wakasema hawayatambui matokeo hayo.

Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba asilimia za wagombea zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kura zaidi ya laki moja. Chukua kikokotoo. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2. Asilimia 0.01 yake ni kura 1,400 na ushei, tena hazikuwa kura za kweli bali matokeo ya kukadiria desimali. Mwanafunzi wa darasa la saba angeligundua. Mahakama ya Juu, majaji wote saba, ikaidhinisha matokeo tarehe 5 Septemba.

Tume yenyewe ilikuwa imepasuka vipande viwili mbele ya kamera, na bado nchi haikuungua kama 2007. Tofauti ilikuwa zile fomu. Mwaka 2007 Mkenya alilazimika kuchagua amwamini nani. Mwaka 2022 aliweza kufungua tovuti akatafuta kituo chake. Mimi ukinipa tume ya malaika iliyofungia fomu kabatini, na tume ya watu wa kawaida walioziweka hadharani, nitachukua hiyo ya pili bila kufikiri mara mbili.

Mwenyekiti anaweza kufuta uchaguzi mzima peke yake?

Zanzibar ilitokea. Uchaguzi ulikuwa tarehe 25 Oktoba 2015. Tarehe 28, matokeo yakiwa bado yanatangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitoa tamko la kuufuta. Marudio yakafanywa tarehe 20 Machi 2016, chama cha upinzani, CUF, kikasusia. Linalowatatiza watu wa Visiwani hadi leo ni hili: wapiga kura wale wale, siku ile ile, walipiga na kura za Muungano, na hizo hazikufutwa.

Tanzania Bara na Visiwani, kura ya Rais wa Muungano haina hata mahali pa kupeleka malalamiko. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mtu akishatangazwa na tume, hakuna mahakama itakayochunguza. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Tume ambayo neno lake halikaguliwi na mtu haina sababu ya kutunza fomu vizuri.

Mbona Ufaransa haina tume kama yetu na kura haziibwi?

Huko Wizara ya Mambo ya Ndani huandaa uchaguzi, mameya husimamia vituo, na wananchi wenyewe huhesabu kura mbele ya yeyote anayetaka kutazama. Watumishi wa umma hawaanguki na waziri akianguka, na Baraza la Katiba linawatazama. Pasipo na watumishi wa namna hiyo, ndipo panapohitajika tume.

Marekani usiifanye mfano. Mwaka 2000 aliyesimamia uchaguzi wa Florida, Katherine Harris, alikuwa pia mwenyekiti mwenza wa kampeni ya George W. Bush katika jimbo hilo, na Bush alishinda pale kwa kura 537. Ingekuwa kwetu, waangalizi wangeandika ripoti nene.

Kuna nchi iliyowahi kupona?

Meksiko. Mwaka 1988 uchaguzi uliendeshwa na wizara. Matokeo ya awali yakionyesha hali mbaya kwa chama tawala, PRI, ikasemwa mfumo wa kompyuta umeanguka, na uliporudi PRI ilikuwa inaongoza. Mwaka 1990 wakaunda taasisi ya uchaguzi, na 1996 serikali ikatolewa kwenye uongozi wake. Mwaka 2000 PRI ilishindwa baada ya miaka 71. Ninachokipenda huko ni makarani: raia huchaguliwa kwa bahati nasibu, kwa kufuata mwezi wa kuzaliwa na herufi ya jina la ukoo, kisha hufunzwa. Jirani yako ndiye anayehesabu kura yako, na hakuomba kazi hiyo kwa mtu.

Ghana nayo, baada ya upinzani kususia uchaguzi wa wabunge wa 1992, mwaka 1994 iliunda kamati ambamo tume na vyama hukutana mara kwa mara kubishana mapema. Masanduku ya kura yanayoonyesha ndani yalitokana na mabishano hayo. Mshindi wa 2008 alipatikana kwa tofauti ya kura kama 40,000 na aliyeshindwa akakubali.

Waangalizi wanasaidia?

Wa kigeni wanaokaa wiki moja, kidogo. Wanaohesabu sambamba na tume, sana. Kongo, uchaguzi wa Disemba 2018, Kanisa Katoliki lilisambaza waangalizi kama 40,000 na kusema matokeo yaliyotangazwa na CENI, tume ya uchaguzi ya huko, hayalingani na takwimu zao. CENI haikuchapisha matokeo ya kituo kwa kituo, kwa hiyo ubishi haukuweza kumalizwa kwa kulinganisha karatasi. Mwenyekiti wa tume wakati huo, Corneille Nangaa, mwaka 2023 alizindua muungano wa waasi akiwa Nairobi. Sijui nchi nyingine ambayo refa wake aliishia msituni.

Kuna wizi ambao tume haiuwezi?

Kununua kura kwa unga na shilingi mia mbili, matumizi ya magari ya serikali, vitisho vya chifu. Tume ina kanuni za maadili, ila mkono wake ni mfupi.

Tume ikikaa bila makamishna kunakuwaje?

Kenya iliyaona hayo. Chebukati alimaliza muda Januari 2023, na makamishna wapya, wakiongozwa na Erastus Ethekon, waliapishwa Julai 2025. Katikati hapo viti vya bunge vilivyobaki wazi havikujazwa, na wakazi wa sehemu hizo wakakaa bila mwakilishi. Kuiacha tume ife njaa ni njia mojawapo ya kuidhoofisha, na huwa haiachi alama za vidole.

Naweza kupiga picha fomu iliyobandikwa mlangoni?

Piga. Imebandikwa pale isomwe na umma. Hakikisha jina la kituo, namba na sahihi zinaonekana, na usiishikeshike. Karatasi yako ya kura uliyotia alama ndiyo usiipige picha. Nenda asubuhi na mapema. Mvua na mbuzi hazibagui fomu.